Toleo la majaribio la mfumo endeshi: mwongozo kamili wa kulisakinisha, kulijaribu na kuripoti unachokiona

Watengenezaji wa mfumo endeshi hutoa toleo la majaribio mapema kwa sababu hawana kompyuta yako. Wana maabara, wana mashine zinazokagua mafaili usiku na mchana, lakini hawana kadi ya Wi-Fi iliyomo ndani ya laptopu yako, wala printa yako ya zamani, wala mazoea yako ya kufunga kifuniko huku muziki unaendelea. Wanachokihitaji kutoka kwako ni taarifa: nini kimeharibika, kwenye mashine gani, baada ya kufanya nini. Anayesakinisha toleo hilo ili awe tu wa kwanza kuona sura mpya amebeba hatari na kuiacha faida.

Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina malengo mawili. La kwanza, uweze kulivunja toleo hilo bila kuvunja kitu chako. La pili, ukilivunja, uwe na cha kuwaambia waliolitengeneza. Mfano mkuu ni Ubuntu, mmoja wa mifumo endeshi ya familia ya Linux, kwa kuwa mafaili yake ya kila siku yako wazi kwa yeyote bila kujiandikisha. Pale ambapo Fedora na Debian (ndugu zake wa Linux), Windows au simu zinakwenda njia nyingine, nitasema.

## Jua ni toleo la hatua gani

Neno "majaribio" linafunika vitu vilivyo mbali sana. Ubuntu hutoka mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na namba yake ni mwaka na mwezi: 24.04 ni Aprili 2024. Katikati ya miezi hiyo hutengenezwa faili jipya la ISO (faili moja lenye mfumo mzima, tayari kusakinishwa) kila siku. Miezi ya mwanzo karibu kila kitu kinabadilika, na asubuhi moja eneokazi (skrini ya kazi yenye madirisha na aikoni) linaweza kukataa kuwaka. Baadaye hufika tarehe ya kufunga milango ya vipengele vipya, kisha Beta, kisha toleo kamili. Fedora wana Rawhide, inayobadilika bila kusimama, kisha tawi la toleo lijalo, kisha Beta. Debian wana sid, ambako vifurushi (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) huingia kwanza, na testing, ambako hufika baada ya kukaa kidogo bila malalamiko makubwa. Windows Insider, mpango ulioanza mwaka 2014, hugawa watu kwa njia kama Canary na Dev kwa upande mkali, Beta na Release Preview kwa upande wa utulivu.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuchukua Beta, au faili la kila siku la wiki chache kabla ya Beta. Wakati huo mfumo unawaka kwenye kompyuta nyingi, lakini bado kuna nafasi ya kurekebisha. Ukiripoti siku tatu kabla ya toleo kamili, hata hitilafu ya kweli inaweza kuachwa isubiri, kwa sababu kurekebisha jambo moja dakika za mwisho huweza kuharibu mengine mawili.

## Kabla hujapakua chochote

Soma maelezo ya toleo, hasa sehemu ya matatizo yanayojulikana. Dakika kumi hizo zitakuokoa kuripoti jambo ambalo limeshaandikwa, na wakati mwingine zitakuambia wazi kwamba kadi ya picha ya aina yako bado haifanyi kazi.

Kisha fanya nakala rudufu kwenye diski ya nje, na uifungue. Nasisitiza kuifungua: chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine, fungua picha mbili tatu, fungua waraka mmoja mrefu hadi ukurasa wa mwisho. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado ni matumaini tu.

Jambo la tatu ambalo wengi hulisahau ni njia ya kutokea. Iulizie kabla ya kuingia, maana mifumo haifanani:

- Ubuntu Beta hugeuka kuwa toleo kamili kwa masasisho ya kawaida. Kurudi kwenye toleo la nyuma, hapana. Hapo ni kusakinisha upya.
- Windows kwenye njia ya Canary huhitaji usakinishaji mpya kabisa ukitaka kutoka.
- Simu ya Android iliyo kwenye programu ya beta, ukijitoa kabla toleo kamili halijafika, hufutwa data yote iliyomo.
- iPhone huhitaji nakala rudufu iliyofanywa kabla ya beta. Nakala iliyofanywa ukiwa ndani ya beta huenda isikubali kurudi kwenye toleo la zamani.

Kwa sababu hizo mbili za mwisho, sipendekezi kabisa kujaribu toleo la awali kwenye simu yako pekee.

La nne ni siri zako. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba maktaba ya xz (msimbo wa kubana mafaili), matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri uliolenga SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao. Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia Debian sid, Fedora Rawhide na openSUSE Tumbleweed. Matoleo makuu tulivu yalikuwa bado hayajaguswa. Ubuntu walisogeza mbele Beta ya 24.04 kwa wiki moja na kujenga vifurushi vyao upya. Freund aligundua vipi? Alikuwa akipima mambo yake kwenye Debian sid, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde na kunakula nguvu ya prosesa kuliko kawaida, na hakulipuuza. Kisa hiki kinafundisha pande zote mbili: toleo la majaribio ndilo hupata madhara kwanza, na mjaribu makini ndiye huyaona kwanza. Basi usiingie benki kwa mashine ya majaribio, usiweke funguo zako za SSH humo, na nenosiri lake lisifanane na lolote unalotumia kwingine.

## Kupakua na kuhakiki

Mafaili ya kila siku ya Ubuntu yako cdimage.ubuntu.com, ndani ya folda ya daily-live. Faili la eneokazi hukaribia GB 6. Pakua pamoja nalo mafaili mawili madogo yaliyo pembeni yake: SHA256SUMS na SHA256SUMS.gpg. Yaweke yote folda moja, kisha kwenye terminali ya Linux (dirisha la kuandikia amri):

```
sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing
```

Jibu likiwa OK, faili limefika zima. Kwenye Windows tumia `Get-FileHash jina.iso` ndani ya PowerShell, kwenye Mac `shasum -a 256 jina.iso`, kisha linganisha herufi zilizotoka na zilizo ndani ya SHA256SUMS.

Hapo umejua tu kwamba faili halijaharibika njiani. Kama mtu ameingia kwenye seva akabadilisha faili na alama zake za SHA256SUMS pamoja, utapata OK vilevile. Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuelekeza watu kwenye ISO yenye mlango wa siri, kwa hiyo hatari hii ina historia. Ndiyo kazi ya saini ya kidijitali iliyo ndani ya SHA256SUMS.gpg, inayothibitisha nani aliyezitoa alama hizo. Ukiwa tayari unatumia Ubuntu, ufunguo wa kuikagua unao:

```
gpgv --keyring=/usr/share/keyrings/ubuntu-archive-keyring.gpg SHA256SUMS.gpg SHA256SUMS
```

Tafuta maneno "Good signature". Yasipoonekana, futa na upakue upya.

Kama intaneti yako ni ya kupimwa, jifunze zsync. Hulinganisha ISO ya jana uliyonayo na ya leo iliyo kwenye seva, kisha hupakua vipande vilivyobadilika tu:

```
zsync -i iso-ya-zamani.iso anwani-ya-faili-jipya.iso.zsync
```

Unachookoa hutegemea ni kiasi gani kimebadilika. Siku nyingine ni kingi, siku nyingine kidogo.

Kabla hujaendelea, andika mahali tarehe ya ISO uliyopakua. Utaihitaji kwenye ripoti.

## Jaribio la kwanza: mashine pepe

Anza ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta yako, hata kama una kompyuta ya ziada. Humo unaweza kufuta diski nzima, ukakosea patisheni (mgawanyo wa diski), ukazima umeme katikati ya usakinishaji, na kompyuta yako isijue. VirtualBox hufanya kazi kwenye Windows na Linux. Kwenye Linux kuna pia GNOME Boxes na virt-manager. Kwenye Mac wengi hutumia UTM, na wenye Mac za prosesa za Apple wachukue ISO ya arm64.

Hatua zenyewe kwa VirtualBox:

1. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, kabla mfumo haujawaka) uhakikishe uwezo wa mashine pepe umewashwa. Kwa Intel huitwa VT-x, kwa AMD hujitokeza kama SVM. Ukiwa umezimwa, mashine itagoma kuwaka au itakwenda kwa kujikokota.
2. Tengeneza mashine mpya, uipe RAM ya GB 4 au zaidi, prosesa mbili, na diski ya GB 30. Kompyuta yako mwenyewe iwe na RAM ya GB 8 walau, vinginevyo zote mbili zitateseka.
3. Ukichagua ISO, VirtualBox hupenda kujitolea kusakinisha yenyewe bila kukuuliza. Kataa. Usakinishaji huo huruka skrini zilezile unazotakiwa kuzijaribu, na mara nyingi hukuachia mtumiaji asiye na ruhusa ya sudo, yaani ya msimamizi.
4. Washa UEFI kwenye mipangilio ya mfumo, kwa kuwa kompyuta nyingi za sasa huwaka kwa njia hiyo.
5. Washa mashine, sakinisha, kisha iwashe upya mara moja bila ISO.
6. Mfumo ukishatulia, piga snapshoti (picha ya hali nzima ya mashine wakati huo) kutoka menyu ya Machine. Ipe jina lenye tarehe na hali: "safi, kabla ya masasisho".

Snapshoti ndiyo inayokupa ujasiri. Kila unapotaka kufanya jambo la hatari, piga nyingine. Likiharibika, rudi ulipokuwa kwa dakika moja. Na kwa anayeripoti ina thamani kubwa zaidi: unaweza kurudi kwenye hali ileile na kurudia kosa lilelile mara nyingi utakavyo, hadi ujue ni hatua ipi hasa inayolisababisha.

Sasa jaribu nini? Msakinishaji kwanza, yaani programu inayosakinisha, na usimpe majibu rahisi. Watu wengi hubonyeza "endelea" hadi mwisho, kwa hiyo njia hiyo imekaguliwa sana. Chagua usimbaji wa diski nzima (kuifunga data kwa nenosiri). Chagua mpangilio wa kibodi usio wa Kimarekani, uweke nenosiri lenye alama, halafu uone kama litakubalika pale diski inapofunguliwa kabla mfumo haujawaka. Mahali hapo mipangilio ya kibodi husahaulika mara nyingi. Rudi nyuma skrini mbili, badilisha jibu, endelea tena. Kata mtandao katikati. Gawa diski kwa mkono.

Baada ya msakinishaji, jaribu kupandisha toleo. Sakinisha toleo tulivu kwenye mashine nyingine pepe, lisasishe, piga snapshoti, kisha:

```
sudo do-release-upgrade -d
```

Watumiaji wengi watafika toleo jipya kwa njia hii, si kwa ISO, na kila mmoja ana mchanganyiko wake wa programu. Sakinisha programu zako za kweli kwanza, ndipo upandishe.

Mipaka ya mashine pepe ni vifaa. Kadi ya picha inayoonekana humo ni ya kuigiza, Wi-Fi haipo, betri haipo, na kulala kwa kompyuta hakuna maana. Hapo ndipo flashi inapoingia.

## Jaribio la pili: flashi, bila kugusa diski

Chukua flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu unachokipenda, maana itafutwa. Kwenye Windows tumia Rufus. BalenaEtcher hufanya kazi kwenye mifumo yote mitatu. Kwenye Linux unaweza kutumia dd, kwa uangalifu mkubwa:

```
lsblk
sudo dd if=jina.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync
```

Herufi ya X unaipata kwa lsblk. Angalia ukubwa wake, chomoa flashi, endesha lsblk tena uone kipi kimetoweka, kisha ichomeke upya na uangalie jina kwa mara nyingine, kwa sababu linaweza kubadilika. Amri hii haikuulizi kama una uhakika. Ukiitajia diski yako kuu, inaifuta.

Washa kompyuta na ubonyeze kitufe cha kuchagua pa kuwakia, kwa kawaida F12, F2, Esc au Del kulingana na aina. Secure Boot (ukaguzi wa saini wakati wa kuwaka) iache ikiwa imewashwa, kwa kuwa ISO za Ubuntu zina saini inayokubalika. Ikikataa kuwaka, hilo lenyewe ni la kuripoti. Skrini ikibaki nyeusi, washa upya na uchague "safe graphics" kwenye menyu ya kwanza. Ikiwaka kwa njia hiyo, umeshajua tatizo liko upande wa draiva ya picha, programu inayoendesha kadi ya picha.

Chagua kulijaribu bila kusakinisha. Kisha pita kifaa kimoja kimoja: Wi-Fi ya masafa yote mawili, Bluetooth pamoja na spika isiyotumia waya, kamera, maikrofoni, spika, jeki ya sauti, vitufe vya mwanga wa skrini, padi ya kugusa kwa vidole viwili na vitatu, skrini ya nje, printa. Mwisho funga kifuniko, subiri dakika tano, fungua. Kuilaza kompyuta na kuiamsha ndiko huumbua matoleo ya awali kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu kila draiva lazima ifunge kazi yake na kuianza upya kwa mpangilio sahihi. Baada ya kuamka, rudia Wi-Fi, sauti na skrini ya nje. Kitu kinachofanya kazi kabla ya kulala na kugoma baadaye ni hitilafu nzuri ya kuripoti, kwa kuwa inaonyesha mahali pa kutafuta.

Mfumo unaoendeshwa kwenye flashi hauhifadhi kitu ukizimwa. Kabla ya kuzima, hifadhi logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) kwenye flashi nyingine:

```
journalctl -b > logi.txt
sudo lspci -nnk > vifaa.txt
cat /cdrom/.disk/info
```

Amri ya mwisho hukuonyesha tarehe na namba kamili ya ISO.

## Kusakinisha kwenye diski ya kweli

Wengi wanaweza kuishia kwenye flashi na bado wakawa wametoa mchango wa maana. Ukiendelea, njia bora ni diski yake yenyewe: SSD ndogo ya ziada, au kompyuta ya zamani. Hata hivyo tahadhari: baadhi ya wasakinishaji huweka butiloda (programu inayouwasha mfumo) kwenye patisheni ya EFI, sehemu ya diski inayotunza butiloda, ya diski ya kwanza wanayoiona, hata ukiwa umechagua diski ya pili. Ukiweza kuichomoa diski kuu wakati wa kusakinisha, ichomoe. Usipoweza, angalia kwa makini skrini ya mwisho inayoorodhesha mabadiliko, na baada ya kusakinisha endesha `efibootmgr -v` uone nini kimeandikwa wapi.

Ikibidi kushiriki diski moja na Windows, fanya haya kabla: hifadhi ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), wenye tarakimu 48, nje ya kompyuta hiyo, zima Fast Startup, kwa sababu ikiwa hai Windows haizimi kabisa na patisheni yake hubaki katika hali isiyo salama kuandikwa, punguza patisheni kwa kutumia Disk Management ya Windows yenyewe, kisha usakinishe kwenye nafasi tupu iliyobaki. Saa ikikosea kila unapohama mfumo, usiripoti. Windows huhifadhi saa ya mahali ulipo kwenye ubao mama, Linux huhifadhi UTC (saa ya dunia), na zimekuwa zikigongana hivyo miaka mingi.

## Kuishi nalo siku hadi siku

Sasisha kila siku, lakini soma kabla ya kukubali. `apt upgrade` haiondoi kifurushi; `apt full-upgrade` inaweza kuondoa. Angalia kwanza itafanya nini:

```
sudo apt update
apt -s full-upgrade
```

Ikitaka kuondoa vifurushi viwili vitatu vya maktaba za zamani, sawa. Ikitaka kuondoa eneokazi lote, simama, subiri siku mbili. Mwanzoni mwa 2024 Debian na Ubuntu walikuwa wakihamisha maktaba nyingi mno kwenda kwenye hesabu ya muda ya biti 64, ili mashine za biti 32 zisikwame hesabu yao ya zamani ya muda itakapojaa 19 Januari 2038. Wiki hizo aliyejibu "ndiyo" bila kusoma angeweza kubaki na skrini ya maandishi tu. Na usiwashe hazina ya proposed (ghala la vifurushi vinavyosubiri kuthibitishwa) kwenye toleo linaloendelea kutengenezwa: vifurushi huwekwa humo vikiwa nusu safari, na zana za mashine ndizo zinazopaswa kuvishughulikia.

Bakiza keneli ya zamani, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia vifaa. Mpya ikikataa kuwaka, bonyeza Esc wakati kompyuta inawaka, ingia Advanced options, uchague ya awali. Ikiwaka, umejiokoa na pia umepata ushahidi: tatizo lililetwa na keneli kati ya namba hii na ile. Kwa mtengenezaji sentensi hiyo moja ina uzito kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Tumia mfumo kwa kazi zako halisi, ukifanya kwa nakala. Hitilafu nyingi haziji ukifungua na kufunga programu. Huja ukiwa na waraka wa kurasa mia, vichupo thelathini, na simu ya video inayoendelea.

## Kuripoti

Mwaka 2018 Microsoft walitoa sasisho la Oktoba la Windows 10, toleo la 1809, kisha wakalisimamisha ndani ya siku chache kwa sababu kwa baadhi ya watu lilikuwa limefuta mafaili yao. Likatoka tena Novemba. Jambo linaloumiza ni kwamba wajaribu walikuwa wameripoti upotevu huo kabla, lakini ripoti zao zilikuwa chache na zikafunikwa na nyingine nyingi. Baada ya hapo Microsoft waliongeza kwenye Feedback Hub, programu yao ya kupokea ripoti, mahali pa kueleza uzito wa tatizo. Kwa hiyo, kokote unakoripoti, sema mapema madhara ni nini. "Mafaili yamepotea" yawe maneno ya kwanza ya kichwa cha habari, si aya ya nne.

Kwa Ubuntu, fungua terminali uandike `ubuntu-bug` ukifuatisha jina la kifurushi. Zana hiyo hukusanya namba za matoleo na logi zinazohusika, kisha hufungua ukurasa wa Launchpad, tovuti ya ripoti za hitilafu za Ubuntu. Fedora hutumia Bugzilla. Tafuta kwanza kama limesharipotiwa. Likiwepo, tia alama kwamba nawe limekupata, na uongeze maelezo ikiwa tu una jipya. Ripoti moja iwe na tatizo moja. Kiingereza cha sentensi fupi kinatosha.

Linganisha hizi mbili. Ya kwanza: "Sauti mbovu tangu jana." Ya pili:

> Spika hazitoi sauti baada ya laptopu kuamka. Kabla ya kulala zinatoa. Hatua: 1) cheza wimbo, 2) funga kifuniko dakika moja, 3) fungua, cheza tena. Nilitarajia wimbo uendelee. Naona upau unasogea bila sauti. Hutokea mara 5 kati ya 5. Keneli iliyotangulia haina tatizo hili. Spika ya Bluetooth inafanya kazi muda wote.

Msomaji wa ripoti ya pili ameshajua kwamba si mfumo mzima wa sauti, ni draiva ya kifaa kimoja, na inahusu kuamka. Anaweza kuanza kazi bila kukuuliza swali.

Ambatisha logi za kuwaka kulikotangulia kama kompyuta iliganda na ukalazimika kuizima kwa kitufe:

```
journalctl -b -1 -p warning > kabla.txt
```

Ipitie kabla ya kuituma. Logi hubeba jina lako la mtumiaji, jina la kompyuta, majina ya mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu, wakati mwingine namba za vifaa. Faili la programu iliyoanguka ni nyeti zaidi, kwa kuwa linaweza kuwa na kipande cha kumbukumbu chenye nenosiri. Ndiyo maana ripoti za namna hiyo Launchpad huzificha kwanza.

Mambo yaliyofanya kazi nayo yana mahali pake. Ubuntu wana orodha ya ukaguzi wa ISO iso.qa.ubuntu.com, na Fedora hufanya siku maalumu za majaribio, ambako kuandika kwamba laptopu ya aina fulani imepita kila hatua ni matokeo kamili.

Kisha subiri, na ujibu. Swali utakaloulizwa mara nyingi ni kama tatizo bado lipo kwenye toleo jipya. Mwenye snapshoti na hatua alizoziandika hulijibu kwa robo saa. Asiyejibu, ripoti yake hufungwa, na hitilafu husafiri hadi kwenye toleo kamili.

## Kutoka

Mashine pepe ni rahisi: ifute pamoja na diski yake na snapshoti zote, maana hizo ndizo hula nafasi. Kwa Ubuntu iliyo kwenye diski ya peke yake, sasisha hadi siku ya toleo kamili, uhakiki kwa `cat /etc/os-release`, na uendelee nayo ukipenda. Mimi huisakinisha upya, ili mabaki ya majaribio yasichanganywe na hitilafu za kweli za toleo kamili.

Ukiondoka kwenye diski uliyoshiriki na Windows, fuata mpangilio huu. Kwanza, ukiwa bado ndani ya Linux, endesha `efibootmgr`, tafuta namba ya Windows Boot Manager na uiweke ya kwanza kwa `sudo efibootmgr -o` pamoja na namba hiyo, ikifuatwa na nyingine. Washa upya uone Windows inaingia yenyewe. Rudi Linux mara moja kupitia menyu ya kuwashia, nakili logi na mafaili unayotaka kubaki nayo, kisha ingia Windows na ufute patisheni za Linux kwa Disk Management. Patisheni ya EFI usiiguse. Ndiyo inayoiwasha Windows. Nafasi iliyopatikana irudishe kwenye patisheni ya Windows, na uwashe tena BitLocker kama ulikuwa umeisimamisha.